Uwiano wa Damu ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, bati likapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Baba hakulala kitandani. Amelala kwenye kiti, mgongo wima, maana akijilaza chali anasema maji yanampanda kifuani.

Nimerudi kuishi chumba cha uani tangu Januari, alipoambiwa kwamba moyo wake umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Mke wake alinipokea vizuri, nisiseme uongo. Alifagia chumba, akatandika shuka. Alipotoka, mimi nikafagia tena.

Alhamisi, 7 Machi

Kliniki ya moyo. Daktari ni mwanamke wa rika langu, sauti ya chini, hana haraka wala hana utani. Amempa Baba dawa za kupunguza maji mwilini na za kuutuliza moyo. Chumvi marufuku. Maji ya kunywa ni kwa kipimo. Kila asubuhi apande mizani. Kisha akatuonyesha majibu ya damu, na kwa kuwa niliuliza, akafafanua.

"Katika damu kuna chembe nyeupe za aina nyingi. Hizi, neutrofili, ni kama wazima moto. Mwili ukiumia popote, ndizo za kwanza kukimbilia. Hizi nyingine, limfosaiti, ni walinzi wa siku zote. Mwili ukikaa kwenye taabu muda mrefu, wazima moto wanaongezeka, walinzi wanapungua. Kwa hiyo nagawa wazima moto kwa walinzi."

"Uwiano," nikasema.

"Uwiano. Kwa mtu mwenye afya huwa kati ya moja na tatu hivi. Kwa wagonjwa wa moyo, ukizidi kupanda, mara nyingi safari ya mbele si nyepesi. Si hukumu. Ni dalili moja kati ya nyingi."

Uwiano wa Baba ni 3.4. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na wiki hii nafundisha mada hiyohiyo kidato cha kwanza. Baba alinitazama nikinakili namba kwenye kiganja, akacheka mpaka akakohoa. "Daktari, hapo umempa paka mfupa. Hatauachia."

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Uzito uleule. Baba analalamika chakula kina ladha ya ukuta.

Jumatano, 13 Machi

Mke wa Baba ni msusi. Saluni yake iko mtaa wa pili, na ukipita nje unamsikia akicheka na wateja, akichambua ndoa za watu kama anachambua nywele. Akiingia nyumbani mimi nikiwepo, maneno yanamwisha. Ananiita Mwalimu. Mbele yake namwita Mama Mdogo, kwa adabu. Ana miaka minne humu ndani. Marehemu mama yangu alikaa thelathini, na ndiye aliyechagua rangi ya milango.

Anapika sufuria mbili, moja ya Baba na moja yetu. Angalau anasema hivyo.

Jumamosi, 16 Machi

Leo Baba amefanya kazi! Karakana yake ya kuchomelea iko mbele ya nyumba, na tangu mwaka uanze geti la watu limelala pale nusu, kwa sababu alikuwa hawezi kupiga magoti. Leo kapiga magoti, kachomelea, kainuka bila kushika kitu. Rafiki yake wa vyuma chakavu, anayemletea mabaki kila Jumamosi, alikuwa amekaa juu ya ndoo akimpigia makofi. Hata uso wa Baba umejaa, mashavu yamerudi. Jirani kapita akasema mzee amenawiri kama bwana harusi.

Nimempigia Kaka simu. Anafanya kazi mbali, na huku kwetu huja kwa sauti tu. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa namwombea." Mimi nilikuwa nampima.

Alhamisi, 21 Machi

Uwiano 6.8. Nilidhani karatasi si yake, nikasoma jina mara ya pili. Ni lake.

Mizani imepanda, vifundo vya miguu vimevimba. Daktari alimkagua kifua, akapima mkojo, akamtazama mpaka meno, akitafuta moto uko wapi. Hakuuona. Akauliza, "Mzee, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia? Ya dukani, ya mizizi, ya kupewa na mtu?"

"Daktari, hizi zako tu kuzimeza ni ajira," Baba akajibu. Tukacheka wote, hata yeye kidogo. Akaongeza dawa ya kupunguza maji.

Jioni niliingia jikoni. Mke wa Baba alikuwa anachambua mboga. Bila kuinua macho akasema, "Mwalimu, nilitaka tuzungumze kuhusu magoti ya mzee. Naona kama..."

"Magoti hayaui mtu, Mama Mdogo," nikamkata. "Chumvi ndiyo inaua."

Akaendelea kuchambua mboga.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Miguu haipungui. Mashavu tu ndiyo yanaendelea kunawiri.

Jumanne, 2 Aprili

Mwanafunzi mmoja kaniuliza uwiano unasaidia nini maishani. Darasa zima likatulia kusikia. Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Nimeanza kumchunguza mke wa Baba. Naona anavyochota, anavyofunika, anavyomnong'oneza Baba nikikaribia. Jana waliacha kuzungumza nilipoingia. Baba akasema walikuwa wanazungumzia mvua. Mvua gani hiyo inayozungumzwa kwa kunong'ona?

Alhamisi, 11 Aprili

11.2.

Daktari aliniita pembeni, kwenye korido, akamwacha Baba kwenye benchi akiwachekesha wagonjwa wenzake. Alisema amerudia kipimo kwa sampuli ileile, namba ni ileile. Sukari pia imeanza kupanda. Moyo wenyewe kwenye picha haujaharibika zaidi ya ulivyokuwa Januari, lakini mwili unaonekana kama uko vitani na hajui na nani.

"Niambie kama unavyomwambia mtu mzima," nikasema.

"Wagonjwa wa moyo wanaofika kwenye namba kama hii, na kuvimba namna hii, wengi hawamalizi mwaka. Nakwambia ili muwe tayari, si ili mkate tamaa. Na mimi bado natafuta."

Tuliporudi kwenye benchi Baba alikuwa anasimulia jinsi alivyowahi kuchomelea geti, akajifungia nje yeye mwenyewe. Watu walikuwa wanashika mbavu. Nikasimama pale nikisubiri amalize, nikicheka pale wanapocheka.

Kaka kwenye simu: "Mbadilishieni hospitali. Mbadilishieni chakula. Nani anampikia?"

Nani anampikia. Swali hilo nililala nalo.

Jumapili, 14 Aprili

Sijui nianzie wapi. Asubuhi mizani imepanda kilo mbili kuliko Jumapili iliyopita. Nilimbonyeza Baba mguu, shimo la kidole likabaki kama kwenye unga uliokandwa. Nikatoka moja kwa moja mpaka jikoni, nikafunua sufuria, nikaonja. Chumvi.

"Hiki ni nini?"

"Mchuzi," akasema mke wa Baba.

"Nauliza chumvi imefuata nini humu?"

"Hiyo ni yangu na yako, Mwalimu. Ya mzee ni ile pale."

Alinionyesha, lakini ulimi ulikuwa umeshanitangulia. "Sema tu unamwahisha," nikasema. "Unataka afe upesi ubaki na nyumba ya mama yangu."

Mwiko aliokuwa ameshika aliuweka juu ya kifuniko, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Hakulia, hakupaza sauti. Alifuta mikono kwenye kanga, akatoka.

Nilibaki peke yangu na zile sufuria mbili. Nikaonja ya pili. Ilikuwa haina chumvi hata chembe, imepooza kama maji ya mvua. Nikafunika.

Ningeweza kumfuata wakati uleule. Sikumfuata.

Jumatatu, 15 Aprili

Ameondoka asubuhi na begi moja, kwa dada yake ng'ambo ya mto. Amemwambia Baba dada yake anaumwa. Baba hakuuliza. Alimsindikiza mpaka karakana, akarudi akakaa, akaniambia, "Mwalimu, mimi ni mgonjwa wa moyo, si wa masikio."

Hayo tu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 18 Aprili

Mto umefurika usiku wa jana, daraja limekatika katikati. Watu wamepanga foleni kuangalia maji, kana kwamba yatawaomba radhi. Napika mimi. Baba anakula vijiko vitatu.

Jumamosi, 20 Aprili

Baba amekaa karakana tangu asubuhi akitazama barabara. Kila anayepita anamuuliza, "Daraja vipi?" Rafiki yake wa vyuma chakavu anakaa ng'ambo, hakuja. Nilijua ni mkewe anayemngoja. Kila alipouliza habari za daraja, mimi niliinamisha kichwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Baba hana nguvu hata ya kushika kikombe. Amesema magoti yanawaka. Ajabu, uvimbe umepungua na mizani imeshuka. Nimefurahi. Nimempigia Daktari, akasema nimlete Jumatano, au mapema zaidi akibadilika.

Jumanne, 23 Aprili

Ametapika mara mbili. Nimeomba ruhusa shuleni.

Jumatano, 24 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi Baba alijaribu kusimama akaanguka kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Jasho la baridi, midomo mikavu, ananitazama asinione. Jirani muuza maji alishusha mapipa yake kwenye gari tukampakia Baba nyuma, mimi nimemshika kichwa, turubai juu yetu, mvua inapiga.

Mapokezi walipima shinikizo la damu, muuguzi akapima tena kwa mashine nyingine. Lilikuwa chini sana. Wakachukua damu, wakamwita Daktari. Akaja nusu mbio, mtu ambaye sijawahi kumwona akiharakisha hata neno.

Majibu yalipokuja niliyaona kabla yake, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kuisoma ile karatasi. Nikagawa kichwani. 1.9.

"Daktari!" nikasema, na nakiri kwamba niliruka, nikiwa na matope mpaka magotini. "Imeshuka! Moja nukta tisa! Hajawahi kuipata!"

Hakutabasamu. Aliitazama karatasi muda mrefu, akamtazama Baba, akarudi kwenye karatasi.

"Imeshuka mno," akasema. "Mwili ulio kwenye hali hii ungeipandisha, Mwalimu. Huu umeishusha. Shinikizo limeshuka, sukari imeshuka, chumvi ya damu imeshuka. Haviendi pamoja." Akainama, akamgeuza Baba uso kwenye mwanga. Akampandisha mkono wa shati, pale penye mabaka ya damu kuvilia ambayo Baba alikuwa anasema ni vyuma vimemgonga. "Uso wake ulianza lini kujaa hivi?"

"Machi. Tulidhani amenawiri."

Akafumba macho kidogo. "Na mimi nilikuwa namwona kila baada ya wiki mbili, tatu," akasema, kama anajisemea. Kisha akanigeukia. "Sikuulizi tena anatumia dawa gani. Nakuuliza, ameacha dawa gani?"

Baba alikuwa hawezi kujibu. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuuliza.

Simu iliita mpaka nikadhani haitapokewa.

"Mwalimu."

"Mama Mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba amezidiwa. Tuko hospitali. Daktari anauliza kuna dawa gani ameiacha."

Nikasikia mvua ya upande wake. Nikasikia na yangu.

"Vya magoti," akasema. "Vidonge vidogo vyeupe, analetewa na yule rafiki yake wa vyuma kila Jumamosi. Tangu Januari, na mwezi wa tatu akaongeza idadi. Mzee aliniambia ni vitamini ya mifupa, nisikwambie maana utamnyang'anya. Sasa daraja limekatika, vimemwishia. Nilitaka kukwambia siku ile jikoni."

"Najua."

"Ulinikata."

"Najua, Mama."

Akavuta pumzi. "Mwambie Daktari. Mimi nakuja."

Nilimwambia Daktari akiwa tayari ameshika sindano. Hakungoja kuviona vidonge. Alisema anadhani ni steroidi, dawa kali zinazouzwa kiholela bila maelezo kwa watu wenye maumivu ya viungo. Zinaondoa maumivu kweli, mtu anaruka kama kijana. Lakini zinazuia maji na chumvi visitoke mwilini, na kwa moyo uliochoka huo ni mzigo juu ya mzigo. Zinajaza uso. Zinapandisha sukari. Na zenyewe tu, bila ugonjwa wowote, zinaongeza wazima moto kwenye damu na kupunguza walinzi.

"Kwa hiyo zile namba..."

"Nilikuwa napima moyo na vidonge kwa pamoja bila kujua. Sijui kipi kilikuwa kikubwa." Alikuwa anaongea huku anasukuma dawa kwenye mshipa, taratibu. "Mwili unatengeneza dawa kama hiyo wenyewe, kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukivimeza vidonge kwa miezi, tezi zinalala. Ukiacha ghafla, hazijui kuamka. Namrudishia ile aliyoikosa. Nitampunguzia polepole baadaye, akipona leo."

Alisema hivyo hivyo. Akipona leo.

"Na chumvi?" nikauliza. "Ya kwenye chakula?"

"Chumvi ya chakula bado ni mbaya kwake. Lakini kwa vidonge hivi, hata angepikiwa maji matupu angevimba."

Wakatundika dripu. Daktari akaketi mwenyewe pembeni yake, akihesabu matone. Akipewa kidogo, shinikizo halipandi. Akipewa nyingi, moyo unashindwa na mapafu yanajaa. Akasogea kumsikiliza kifua, akapunguza matone. Akasogea tena, akaongeza kidogo. Niliinua macho nikasoma maandishi kwenye ule mfuko unaoning'inia. Maji ya chumvi. Kile nilichomtolea Mama Mdogo maneno makali ndicho kilichokuwa kinamwingia Baba tone kwa tone ili asife.

Wamenitoa nje sasa. Mlango una kioo kidogo, lakini kimepakwa rangi.

Alhamisi, 25 Aprili

Amefungua macho! Saa mbili asubuhi. Shinikizo limepanda, halijafika panapotakiwa lakini limepanda. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani ameacha karakana wazi.

Mama Mdogo aliingia wodini mchana, matope mpaka mapajani, viatu mkononi. Alizunguka kwa daraja la reli, alilala kwa watu njiani. Baba akamtazama juu mpaka chini.

"Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja kwa hasira," akasema. Akamfuta uso kwa ncha ya kanga, akampangusa na masikio, kwa nguvu iliyozidi kidogo iliyohitajika. "Vitamini ya mifupa, eti. Mtu mzima na mvi zako."

Baba akageuza kichwa ukutani. Akasema, "Nilitaka kusimama. Basi."

Nilimfuata Mama Mdogo bombani, alikokwenda kuosha miguu. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanikimbia yote. Nikasema, "Siku ile, niliionja ile sufuria ya pili."

"Najua. Ulikiacha kijiko kichafu juu ya kifuniko."

"Nisamehe, Mama."

Akaosha mguu mmoja, akaosha wa pili. "Maneno yale nilivuka nayo mto, yalikuwa mazito kuliko begi. Na mimi nina kosa, nilificha. Kama ningepaza sauti tu ungesikia, tungegombana, mzee asingefika hapa. Hilo ni langu. Lile la nyumba ni lako, na usiniharakishe."

Sikumharakisha. Nilimshikia kanga.

Jumanne, 30 Aprili

Kaka amefika, siku tatu baada ya kila mtu kuacha kulia. Ameleta machungwa na maoni. Mama Mdogo amempa fagio.

Ijumaa, 3 Mei

Tumerudi nyumbani. Mama Mdogo ameingia jikoni kabla hajavua kanga ya safari. Akageuka mlangoni. "Nimerudi kwa mume wangu. Sufuria zangu usizitie kijiko."

"Sitazitia."

"Ukitaka kuonja, omba."

Jumamosi, 11 Mei

Wamejenga daraja la muda. Na kabla ya saa nne, nani huyo kasukuma mkokoteni mpaka karakana? Rafiki wa vyuma chakavu, na bahasha ndogo kwenye mfuko wa shati.

Nilitoka kama mshale. Nilimwambia kila nililokuwa nalo, na mengine sikujua ninayo. Muuaji. Mchawi. Alisimama ameshika kofia, mdomo wazi. Mama Mdogo akaja akanishika mkono.

"Mwache akae kwanza, Mwalimu. Hebu mtazame uso."

Nikamtazama. Mashavu ya mviringo, yanang'aa. Mikono ina mabaka yaleyale ya damu kuvilia. Mtu mwembamba mwenye uso wa mtu mnene.

"Na mimi navimeza," akasema, sauti haitoki. "Mgongo. Muuzaji kaniambia ni vya mifupa. Ningempaje rafiki yangu kitu nisichokula mwenyewe?"

Baba alikuwa mlangoni anasikia. "Usiviache leo," akamwambia. "Ukiviacha ghafla utakiona nilichokiona. Jumatatu unakwenda na sisi kwa Daktari."

Nilimletea maji ya kunywa. Ilinibidi.

Alhamisi, 16 Mei

Kiasi cha steroidi anachopewa Baba kinapunguzwa kila wiki, na kila wiki magoti yanarudi na deni lao. Leo amegoma kumeza dawa zote, za moyo na zisizo za moyo.

"Daktari ananipunguzia vidonge, ananiongezea siku," akasema. "Siku za kukaa kwenye kiti nizifanyie nini? Wakati ule nilikuwa nasimama. Nilimaliza geti. Bora miezi mitatu ya kusimama."

Mimi nikaanza kueleza, kialimu, kwa hoja ya kwanza na ya pili. Mama Mdogo akaninyamazisha kwa kiganja. Akavuta kigoda akakaa mbele ya Baba, macho kwa macho.

"Mzee, mimi nilikukuta umesimama?"

Baba akainamia magoti yake.

"Nilikukuta umekaa. Mjane, nywele hazijachanwa, umekaa kwenye ndoo ya rangi. Nikakupenda hivyohivyo. Kwa hiyo usinitishie kukaa."

Baba akanyoosha mkono, akachukua vidonge. Akavimeza bila maji, ili tumwone alivyo mkaidi.

Sikuwahi kujua walivyokutana. Sikuwahi kuuliza.

Alhamisi, 30 Mei

Kliniki. Baba amebaki na kiasi kile ambacho mwili wenyewe ungetengeneza, na Daktari amesema sasa damu inasomeka. Vifundo vya miguu vimekauka. Uso umerudi kuwa wa Baba, mifupa na kila kitu.

4.3.

"Leo ndiyo mara ya kwanza naisoma damu ya mzee yenyewe," Daktari akasema. Moyo bado ni dhaifu, namba bado iko juu ya inavyotakiwa. Si ile 11 ya kutisha, wala si ile 1.9 niliyoirukia kama mjinga.

"Maana yake nini?" nikauliza. "Miaka mingapi?"

"Uniletee watu mia wenye moyo kama huu na namba kama hii, nitakwambia wangapi nitawaona mwakani. Wa mbele yangu ni mmoja. Huyu nitamwona mwezi ujao." Akamgeukia Baba. "Na safari hii, mzee, nikiuliza unatumia nini, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi tena," Baba akasema. Akafikiri. "Kuna mafuta ya kuchua. Ya mke wangu. Yananuka kama betri."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akayaandika.

Jumapili, 2 Juni

Mvua imekwisha. Asubuhi ilikuwa baridi kavu, na magoti ya Baba hayapendi baridi. Nilimsikia akiguna nikiwa bado uani. Nilipoingia, Mama Mdogo alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya kiti chake, beseni la maji ya moto pembeni, anamkanda goti la kulia kwa kitambaa. La kushoto lilikuwa linangoja zamu, linatetemeka.

Kulikuwa na kitambaa cha pili kwenye ukingo wa beseni. Sikuuliza. Nilikaa chini nikakichukua.

"Haya," Baba akasema akitazama dari, "sasa mnanigombania magoti."

Maji yalikuwa ya moto kuliko nilivyodhani, nikakiinua kitambaa kikidondosha matone kila mahali. Mama Mdogo akanisogezea beseni karibu.

"Kamua vizuri, mwanangu," akasema. "Usimlowanishe."